MZEE ANAYEYUMBA: TUMPIME KABLA HAJAANGUKA

Wazee wetu wana methali isemayo, "Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele." Methali hii ni nzuri kwa kijana. Kijana akijikwaa, mguu wa pili huwahi mbele na kumshika. Lakini kwa mzee, kujikwaa ni habari. Mwili unatuambia kwamba kuna jambo limelegea. Tukisikia habari hiyo mapema, tunaweza kumsaidia. Tukinyamaza, siku moja ataanguka na kuvunjika.

Leo tutajifunza mambo matatu. Kwanza, kwa nini mzee huanguka. Pili, jinsi ya kumpima mzee nyumbani ili tujue kama yumo hatarini. Tatu, mambo ya kufanya ili asianguke.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema kuwa mzee ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi. Katika sensa ya mwaka 2012, Tanzania ilikuwa na wazee wapatao milioni 2.5. Wengi wao wako vijijini. Wanalima, wanapika, wanachota maji, na wengi wanalea wajukuu. Mzee akivunjika, nyumba nzima huyumba pamoja naye.

KUANGUKA SI JAMBO DOGO

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka. Katika ajali zote, ni ajali za barabarani tu zinazoua watu wengi zaidi. Katika kila watu 10 wanaokufa kwa kuanguka, zaidi ya 8 wako katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati, kama zetu. Shirika hilo linasema pia kuwa katika kila watu 10 wenye umri wa miaka 65 au zaidi, kama 3 huanguka kila mwaka.

Wengine husema, "Ni uzee tu." Wengine husema mzee amerogwa, au amesukumwa na shetani. Ndugu msomaji, kuanguka kuna sababu. Sababu hizo zinaweza kutafutwa, na nyingi zinaweza kupunguzwa.

MWILI HUSIMAMAJE?

Fikiri juu ya kigoda cha miguu mitatu. Mguu mmoja ukikatika, kigoda huanguka. Mwili wa mtu nao husimama kwa msaada wa mambo matatu.

1. Macho. Macho huona shimo, jiwe na kizingiti.

2. Sikio la ndani. Ndani kabisa ya sikio kuna sehemu ndogo yenye maji. Sehemu hiyo huujulisha ubongo kama kichwa kimeinama au kimesimama wima.

3. Nyayo na viungo. Nyayo huhisi ardhi. Huujulisha ubongo kama mahali ni tambarare, ni mteremko au panateleza.

Ubongo hupokea habari hizi tatu, kisha huamuru misuli ya miguu ifanye kazi. Hii ndiyo tunayoita mizani ya mwili. Mtu akizeeka, macho hufifia, nyayo huhisi kidogo, misuli hupungua, na ubongo hupeleka amri polepole. Mguu unaotakiwa kuwahi unachelewa. Ndipo mtu huanguka.

MAMBO YANAYOONGEZA HATARI

Mengine yamo mwilini mwa mzee:

- Mtoto wa jicho na magonjwa mengine ya macho.
- Ugonjwa wa kisukari, ambao huweza kutia ganzi kwenye nyayo.
- Maumivu ya magoti na ya nyonga.
- Upungufu wa damu na lishe duni.
- Kiharusi kilichopita.
- Dawa nyingi kwa pamoja, hasa dawa za usingizi na baadhi ya dawa za shinikizo la damu, yaani presha.
- Pombe.
- Haja ndogo ya mara kwa mara usiku, inayomfanya mzee aende chooni mbiombio gizani.

Mengine yamo nyumbani kwetu: kizingiti kirefu, sakafu yenye mashimo, kuni zilizoachwa njiani, kamba ya mbuzi, kandambili zilizolika, choo kilicho mbali na njia yenye utelezi.

ULIZA KWANZA

Kabla ya kupima, uliza. Hapa pana ugumu. Mimi ninayeandika ni kijana. Wazee wengi wanaokuja zahanati wana umri wa kuwa babu na bibi zangu. Mzee haoni fahari kumwambia mjukuu kwamba ameanguka. Anaogopa ataambiwa amelewa, au watoto watamkataza kwenda shambani. Kwa hiyo anaficha mchubuko chini ya kanga, anasema, "Nimejigonga kidogo."

Kwa hiyo usimvamie kwa maswali. Msalimie kwanza, "Shikamoo babu." Kaa chini. Uliza habari za nyumbani na za mvua. Kisha mwulize, "Na miguu inasemaje siku hizi?" Atakujibu, "Uzee tu, mjukuu wangu." Hapo ndipo umwulize kwa upole maswali haya matatu:

1. Je, mwaka huu umewahi kuanguka, hata mara moja?

2. Je, ukisimama au ukitembea unajiona kama unayumba?

3. Je, unaogopa kuanguka?

Akijibu "ndiyo" kwa swali moja tu, inafaa apimwe. Kama ameanguka mara mbili au zaidi kwa mwaka, au ameanguka na kuumia, au ameanguka na kuzimia, apelekwe zahanati bila kungoja.

Mwangalie pia mnapotembea pamoja. Mwaka 1997 wataalamu wa Uswidi waliandika kwamba wazee wanaosimama kwanza ili waweze kujibu mazungumzo huanguka zaidi kuliko wanaotembea huku wakizungumza. Kutembea kumekuwa kazi inayotaka mawazo yao yote. Lakini tuelewane. Mzee akisimama njiani ili akusalimie vizuri, hiyo ni adabu. Mwangalie baada ya salamu, mnapoendelea na safari.

KIPIMO CHA KWANZA: NYANYUKA UTEMBEE

Kipimo hiki kilianza kuelezwa na waganga mwaka 1986. Mwaka 1991 wataalamu wawili wa Kanada walikiongezea saa. Hakihitaji mashine.

Tafuta kiti imara, saa ya mkononi au ya simu, na utepe wa fundi cherehani. Utepe huo una urefu wa sentimita 150. Ukiupima mara mbili chini, unapata mita 3. Weka alama mahali hapo kwa jiwe au kwa mstari wa chaki. Chagua mahali tambarare na pakavu.

Mzee akae kwenye kiti, akiegemea nyuma. Avae viatu vyake vya kila siku. Kama hutumia fimbo, aishike. Mwambie hivi: "Nikisema 'haya', nyanyuka, tembea mwendo wako wa kawaida mpaka kwenye alama, geuka, urudi ukae." Si mashindano. Asikimbie.

Anza kuhesabu sekunde unaposema "haya". Acha kuhesabu anapokaa tena.

Waganga wa Marekani hutumia sekunde 12 kuwa mpaka. Mzee anayetumia sekunde 12 au zaidi yumo katika hatari ya kuanguka. Lakini usitazame saa tu. Mtazame mzee mwenyewe. Je, anajisukuma kwa mikono ili anyanyuke? Je, anayumba anapogeuka? Je, anaburuta nyayo? Je, anashika ukuta? Yote hayo ni habari.

KIPIMO CHA PILI: KUSIMAMA MARA NNE

Hapa tunapima kusimama. Mzee asimame karibu na ukuta au meza, macho wazi, bila fimbo. Wewe simama ubavuni mwake, mikono yako tayari kumdaka. Kila hatua ni sekunde 10.

Hatua ya kwanza: nyayo mbili sambamba, zikigusana.

Hatua ya pili: mguu mmoja usogee mbele kidogo, upande wake wa ndani uguse kidole gumba cha mguu mwingine.

Hatua ya tatu: mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino cha mbele kiguse vidole vya nyuma, kama mtu anayetembea juu ya gogo.

Hatua ya nne: asimame kwa mguu mmoja.

Akishindwa hatua moja, acha hapo. Usimlazimishe kuendelea. Mzee asiyeweza kukaa sekunde 10 katika hatua ya tatu yumo hatarini.

Onyo: usimpime mzee mgonjwa, mwenye kizunguzungu siku hiyo, au mwenye maumivu makali. Usimpime mbele ya watu wanaocheka. Na usimpime ukiwa mbali naye. Kipimo kisiwe chenyewe sababu ya kuanguka.

KAZI YA ZAHANATI

Ukiona dalili za hatari, mpeleke mzee zahanati. Chukua dawa zake zote anazokunywa, za hospitali na za kienyeji, uziweke katika mfuko mmoja. Sisi tunahitaji kuziona.

Mganga atampima presha akiwa amelala. Kisha atamsimamisha na kumpima tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Kama namba ya juu ya presha imeshuka kwa 20 au zaidi, au namba ya chini imeshuka kwa 10 au zaidi, damu inachelewa kufika kichwani mzee anaposimama. Ndiyo maana anaona giza anapotoka kitandani. Sababu huweza kuwa dawa, upungufu wa maji mwilini au ugonjwa. Mzee asiache dawa ya presha yeye mwenyewe. Kazi ya kuibadilisha ni ya daktari.

Mganga atatazama pia macho, nyayo, magoti na damu. Mtoto wa jicho hutibiwa kwa upasuaji. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na kutangazwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa wanawake wazee waliopasuliwa jicho la kwanza mapema walianguka kwa kiasi kilichopungua kama theluthi moja, wakilinganishwa na waliokuwa bado wanangoja.

USIMFUNGIE NDANI

Nilimhudumia bibi mmoja aliyekuwa ameanguka mara tatu katika msimu mmoja. Mara zote hakuvunjika. Watoto wake walimpenda na waliogopa. Wakamnyang'anya jembe na ndoo, wakamwambia akae barazani. Alikaa miezi mitatu. Walipomleta, mapaja yake yalikuwa yamekonda. Alitumia sekunde 21 katika kipimo cha kwanza. Alisema kwamba wamemweka kama gunia la mahindi, na kwamba afadhali angeanguka shambani kuliko kuoza barazani.

Watoto walikuwa na nia njema. Lakini mwenye hofu hukaa, anayekaa hupoteza nguvu za miguu, na asiye na nguvu za miguu huanguka. Hofu imezaa kile inachokiogopa.

Tulipompima akiwa amelala, namba ya juu ya presha ilikuwa 150. Aliposimama ilishuka hadi 120. Tulimpeleka kwa daktari, akabadilishiwa dawa. Mjukuu wake alisimika nguzo mbili na ufito kando ya njia ya chooni ili apate pa kushika. Bibi alianza mazoezi. Baada ya miezi mitatu alitumia sekunde 14. Bado amepita mpaka wa sekunde 12, na bado tunamwangalia. Lakini anapalilia bustani yake ya mchicha, na jembe lake amerudishiwa.

MAZOEZI YA KUTIA NGUVU MIGUU

Mwaka 2019 wataalamu walikusanya majaribio mengi yaliyofanywa katika nchi mbalimbali. Waliona kuwa wazee wanaofanya mazoezi hupunguza kuanguka kwa karibu robo. Mazoezi yanayosaidia sana ni ya kusimama imara na ya kutia nguvu miguu. Mzee afanye haya angalau siku 3 kwa wiki, akiwa karibu na ukuta, na mtu awe karibu:

1. Kunyanyuka kwenye kiti na kukaa tena, mara 10. Kama anaweza, asitumie mikono.

2. Kushika ukuta na kusimama kwa vidole, kisha kushusha visigino polepole, mara 10.

3. Kushika ukuta na kusimama kwa mguu mmoja, sekunde 10 kila mguu.

4. Kutembea hatua 10, kisigino kikigusa vidole, mkono ukiwa ukutani.

Aanze kidogo. Aongeze kila wiki. Akipata maumivu ya kifua au kizunguzungu, aache na aje zahanati.

TENGENEZA NYUMBA

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Fanya kazi hizi wiki hii:

- Fukia mashimo ya uani na sakafuni.
- Punguza kizingiti kirefu, au kipake chokaa kionekane.
- Ondoa kuni, vyombo na kamba njiani.
- Weka tochi karibu na kitanda cha mzee. Tochi ya simu inafaa.
- Simika nguzo ya kushika chooni. Kama choo kiko mbali, mpatie chombo cha usiku.
- Mpatie viatu vinavyoshika mguu, si kandambili zilizolika.
- Mpatie fimbo ya kimo chake. Mzee asimame wima, mikono ikining'inia. Kichwa cha fimbo kifike kwenye kifundo cha mkono. Ncha ya chini ivalishwe mpira.

Na mzee mwenyewe akiamka, asiruke. Akae kitandani kwanza, achezeshe miguu, ahesabu polepole mpaka 30, ndipo asimame.

AKIANGUKA, FANYA HIVI

Usimnyanyue haraka. Mwulize anaumia wapi. Kama hana maumivu makali, mwache ajigeuze ubavu, apige magoti, atambae hadi kwenye kigoda, aweke mguu wenye nguvu mbele, ndipo anyanyuke.

Kama hawezi kusimama, ana maumivu kwenye kinena, na mguu mmoja umekuwa mfupi na umegeukia nje, huenda amevunjika nyonga. Usiuvute mguu huo. Usiuchue. Weka nguo laini katikati ya miguu, ufunge mguu mbovu pamoja na mguu mzima kwa kanga, mbebeni kwa machela au kitanda mpaka hospitali. Nyonga iliyovunjika huhitaji hospitali. Mzee akilazwa nyumbani kwa wiki nyingi anaweza kupata vidonda vya mgongoni na nimonia, na wengi hufa kwa hayo.

Kama amegonga kichwa, akapata usingizi mzito, akatapika au akachanganyikiwa, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Hata dalili hizo zikitokea baada ya siku kadhaa, msipuuze.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Mzee akijikwaa, sikiliza. Uliza kwa heshima. Mpime kwa saa na kwa macho yako. Mpeleke zahanati na dawa zake. Tengeneza njia ya chooni. Mpe mazoezi, usimnyang'anye kazi yote.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja mambo matatu yanayousaidia mwili kusimama imara.

2. Je, ni wazee wangapi wa mtaa wenu walioanguka mwaka huu? Walianguka wapi, na saa ngapi?

3. Kwa nini kumkalisha mzee siku zote kunaweza kumwongezea hatari?

4. Pimeni mita 3 uani kwenu. Ni nani mtakayempima kwanza, na ni nani atasimama ubavuni mwake?

5. Nguzo za kushika chooni zinaweza kutengenezwa kwa miti gani inayopatikana kijijini kwenu? Chagueni siku ya kuzisimika.